Kwa Nini Kuchoma Tezi Hakuponyi Ndigana: Safari ya Askari wa Mwili



Jioni ya leo, mifugo ikirudi zizini, mshike ndama mmoja. Pitisha vidole chini ya sikio lake, pale taya linapoishia. Halafu shuka hadi mbele ya bega. Kisha pitisha mkono mbele ya paja, kwenye ngozi laini ya ubavu. Katika sehemu hizo tatu kuna matezi. Kwa ndama mzima, tezi la chini ya sikio ni dogo, na huenda vidole visilione. Likiwa kubwa kama yai la kuku, basi ndani ya mwili wa ndama huyo kuna vita.

Wafugaji wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wanalijua tezi hili. Tezi likivimba, ndama akashikwa na homa na kuacha kunyonya, wengi husema mara moja: ni ndigana kali. Hawakosei mara nyingi.

Linalofuata ndilo lenye matatizo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mfugaji akiona tezi limevimba huweka chuma motoni. Chuma kikiwa chekundu, hulichoma tezi. Alifundishwa na baba yake, na baba alifundishwa na babu. Ndama hulia, ngozi huungua, na mara nyingi baada ya siku chache ndama hufa vilevile.

Kwa nini kuchoma hakusaidii? Jibu ni refu kidogo. Sehemu yake ilipatikana Kenya, kwa kazi ya miaka mingi. Sehemu nyingine inatafutwa siku hizi kwa mashine zenye sumaku kubwa. Twende polepole.

TEZI NI KAMBI

Damu ya ng'ombe, kama damu ya mtu, ina chembechembe nyekundu na chembechembe nyeupe. Nyekundu hubeba hewa safi kutoka mapafuni. Nyeupe ni askari wa mwili. Ni ndogo mno. Huwezi kuziona kwa macho, mpaka uwe na hadubini.

Askari hawa hawakai mahali pamoja. Hutembea na damu, kisha hutoka kwenye damu na kuingia nyamani. Huko hukusanywa na mishipa myembamba sana. Mishipa hiyo haibebi damu, hubeba maji maangavu yanayoitwa limfu. Ukichubuka goti huona maji yanayofanana nayo, yakitoka pale ngozi ilipochunika.

Mishipa ya limfu hupita kwenye matezi. Tezi ni kambi ya askari. Kijidudu kikiingia sikioni, askari wapelelezi hukamata kipande chake na kukipeleka kwenye kambi ya jirani. Pale kambini wapo askari wa aina nyingi mno, na kila mmoja anamjua adui wa namna yake. Anayemjua adui aliyeletwa huanza kuzaana. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Kambi inajaa, tezi linavimba. Kisha askari wapya hutoka kwa mlango wa pili, hurudi kwenye damu na kwenda kumtafuta adui popote alipo.

Kwa watu ni hivyo hivyo. Mtoto akiwa na kidonda mguuni, mtoki huvimba kwenye kinena. Na ndugu zetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanalijua neno CD4. Hao nao ni askari wa aina moja, ambao hospitali huwahesabu kwa kupima damu.

Lakini hesabu ya damu ina upungufu wake. Askari walio ndani ya damu wakati wowote ni wachache tu. Walio wengi wako kambini na nyamani. Ni kama kusimama kwenye barabara ya kwenda Bariadi siku ya mnada na kuhesabu wapitao. Utajua idadi ya waliosafiri. Hutajua waliobaki nyumbani, wala hutajua kila mmoja anakwenda wapi. Ndiyo maana wataalamu walitafuta njia ya kumfuata askari mwenyewe, ndani ya mnyama aliye hai.

NDIGANA HUMTEKA ASKARI

Ndigana kali huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria. Hubebwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio la ng'ombe. Kupe huyu akiuma leo, hamwambukizi ng'ombe leo hii. Lazima anyonye kwa siku kadhaa ndipo vijidudu vikomae kwenye mate yake na kuingia. Kwa hiyo kupe aliyetolewa mapema ni kupe asiyeua.

Mwaka 1897 daktari mmoja mashuhuri wa Ujerumani, Robert Koch, alifika Dar es Salaam. Alitazama damu ya ng'ombe wa pwani kwa hadubini, akaviona vijidudu hivi. Alidhani ni vya ugonjwa mwingine, ule wa kukojoa damu. Jambo hilo lilikuja kueleweka vizuri baadaye, ng'ombe walipokufa kwa wingi kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne iliyofuata. Ugonjwa ulikuwa umefika huko pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, ndiyo sababu Wazungu wakauita homa ya pwani ya mashariki.

Sasa angalia ujanja wa kijidudu hiki. Magonjwa mengine humkimbia askari. Ndigana kali huingia ndani ya askari mwenyewe, ndani ya chembechembe nyeupe. Tena haimuui. Inamlazimisha azaane bila kukoma. Askari akigawanyika kuwa wawili, kijidudu nacho hugawanyika, na kila askari mpya anapata sehemu yake. Wanaongezeka ovyo kama saratani.

Askari waliotekwa bado ni askari. Wanajua njia. Hutoka kwenye kambi ya chini ya sikio, wakaenda kambi ya bega, wakaenda kambi ya paja, wakaingia mapafuni. Mapafu hujaa maji. Ndama huhema kwa shida na povu humtoka puani. Tangu kuambukizwa na kupe hadi kifo huwa ni kama wiki tatu au nne.

Sasa jibu la swali letu linaonekana. Siku ile vidole vyako vinapolikuta tezi limevimba, waliotekwa wameshaanza safari. Ukichoma tezi, unachoma kambi ambayo wasaliti wametoka. Tena unawaunguza askari wazima waliokuwa wakijiandaa mle mle. Halafu unamwongezea ndama kidonda. Mimi siwacheki wazee wetu waliochoma. Waliona sawasawa kwamba ugonjwa unaanzia kwenye tezi. Hawakuwa na njia ya kuona kwamba unatoka pale na kwenda kwingine.

Bwana Mifugo akifika hachomi. Huchoma sindano tu kwenye tezi, akavuta maji kidogo, akayapaka kwenye kioo na kuyatia rangi. Kwenye hadubini huona vitu vidogo vya buluu ndani ya chembechembe nyeupe. Akiviona, ni ndigana kali.

MRIJA NDANI YA MSHIPA

Yapo mambo ambayo sindano haiwezi kuyaeleza. Ng'ombe aliyeugua ndigana kali akapona, haugui tena kwa urahisi. Anakingwa na nini? Watu wengi wangejibu kwamba anakingwa na damu yake. Wataalamu walijaribu. Walichukua maji ya damu ya ng'ombe waliopona, yasiyo na chembechembe, wakawapa ng'ombe wengine. Hayakuwakinga.

Mwaka 1973 huko Nairobi ilianzishwa maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, iliyoitwa ILRAD. Siku hizi kazi yake inaendelezwa na taasisi ya ILRI. Wataalamu wa hapo waliamua kuwafuata askari wenyewe. Walitumia ng'ombe mapacha, kwa sababu mwili huwakataa askari wa mwili mwingine, lakini pacha huwapokea askari wa pacha mwenzake.

Mwaka 1981 walitangaza kwamba askari kutoka kwa pacha aliyekingwa walimlinda pacha ambaye hakuwa na kinga. Kwa hiyo kinga ilikuwa ndani ya askari. Lakini ni askari gani? Maana wapo wa aina nyingi.

Kazi iliyotangazwa mwaka 1994 ndiyo iliyojibu. Ilifanywa kwa mapacha wa kufanana kabisa. Daktari wa mifugo alimpasua kidogo ndama mwenye kinga, akaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa limfu unaotoka kwenye tezi. Ndama akashonwa, akasimama, akala majani yake kama kawaida. Limfu ikawa inadondoka kwenye chupa, tone kwa tone. Kisha ndama huyo aliambukizwa ndigana kwa makusudi, na wataalamu wakawa wanawakusanya askari waliotoka kambini kwenda vitani. Waliwachambua. Aina moja, inayoitwa CD8, walimpa pacha mwenzake ambaye alikuwa ameambukizwa na hakuwa na kinga. Hao CD8 walimwokoa.

Hao ni askari wauaji. Kazi yao ni kumtambua askari mwenzao aliyetekwa na kumuua pamoja na kijidudu kilicho ndani yake. Jambo hili ni zito, nasi tutalirudia tukifika kwenye chanjo.

Mrija umefanya kazi kubwa. Lakini mrija ni kama mtu aliyekaa kwenye mlango mmoja wa kambi moja. Anawaona wanaotoka, basi. Walikokwenda hajui. Tena ni lazima mnyama apasuliwe.

ASKARI ALIYEBEBA CHUMA

Hapa ndipo inapoingia mashine ya MRI. Hapa nchini mashine hizi zipo kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, na hutumika kuwapima watu wenye shida za kichwa, uti wa mgongo na nyinginezo. Mgonjwa hulala kwenye kitanda kinachoingia ndani ya kitu kama pipa kubwa lililolazwa. Pipa hilo ni sumaku yenye nguvu mno. Ukiingia na funguo mfukoni, sumaku inaweza kuzinyakua. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa aache vitu vyote vya chuma nje.

Mashine hii haitumii mionzi ya eksirei. Inatumia maji yaliyomo mwilini. Katika maji kuna chembe ndogo mno, na kila chembe ni kama kisumaku. Sumaku kubwa huzipanga mstari, kama mwalimu anavyowapanga watoto asubuhi. Mashine ikapiga mawimbi kama ya redio, mstari huyumba. Mawimbi yakikoma, chembe hurudi mstarini, na zinaporudi hutoa mawimbi yao wenyewe. Mashine huyasikiliza mawimbi hayo na kuchora picha ya ndani ya mwili, bila kisu. Njia ya kuchora picha hizo ilitangazwa mwaka 1973 na Paul Lauterbur wa Marekani. Yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Lakini askari mmoja ni mdogo sana. Katika picha hiyo hatofautiani na nyama inayomzunguka. Kwa hiyo wataalamu wanamtia alama. Huwatoa askari mwilini na kuwaweka kwenye chupa pamoja na vumbi la chuma lililosagwa mno. Vipande vyake kama elfu moja vikipangwa mstari ndipo hufikia unene wa unywele mmoja. Askari huvimeza. Kisha hurudishwa kwa mnyama. Popote wanapokwenda, chuma hicho huvuruga mstari wa chembe za maji zilizo karibu, na kwenye picha hutokea doa jeusi. Mnyama akipigwa picha leo, kesho na keshokutwa, doa linaonyesha njia. Kazi nyingi za namna hii zimefanywa kwa panya wa maabara, kwa sababu panya huingia kwa urahisi kwenye sumaku ndogo.

Mfugaji ataielewa haraka njia hii, maana inafanana na kumfunga ng'ombe kengele. Ataelewa pia udhaifu wake. Mwizi akiivua kengele na kumfunga ng'ombe mwingine, utafuata sauti umkute ng'ombe asiye wako. Askari aliyebeba chuma akifa, askari mwingine humla, akabaki na chuma kile. Doa bado lipo, lakini aliyefuatwa ameshakufa. Tena askari akizaana, chuma hugawanywa kwa watoto wake, na alama hufifia. Kwa ugonjwa kama ndigana, ambao askari huzaana usiku na mchana, hilo ni tatizo kubwa.

Kwa sababu hizo, mwaka 2005 wataalamu wa Pittsburgh, Marekani, walionyesha alama nyingine, iliyotengenezwa kwa florini. Florini ndiyo iliyomo kwenye floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia kwa watu wanaokunywa maji ya visima vingine huko Arusha na kwingineko kaskazini mwa nchi yetu. Mwilini florini iko karibu yote kwenye meno na mifupa, na humo mashine haiisikii. Kwa hiyo mashine ikisikia florini nyamani, ni ya askari aliyetiwa alama tu.

SINDANO ILIYOKOSA KAMBI

Huenda unauliza: haya yote yana faida gani? Nitakupa mfano mmoja, nao ni wa watu. Mwaka huo huo wa 2005, madaktari wa mji wa Nijmegen, Uholanzi, walitangaza kazi yao na wagonjwa 8 wa saratani ya ngozi. Walichukua askari wapelelezi wa kila mgonjwa, wakawafundisha kuitambua saratani na kuwalisha chuma. Kisha waliwachoma kwa sindano ndani ya tezi la mgonjwa mwenyewe, ili wawaamshe wenzao. Sindano zilipigwa na madaktari stadi, tena wakiangalia kwa mashine ya kupima wajawazito.

MRI ilipopiga picha, ilionekana kwamba kwa wagonjwa 4 kati ya 8 sindano haikuingia kwenye tezi. Askari walimwagwa pembeni, kwenye mafuta. Bila picha ile, watu wangesema askari ni dhaifu. Kumbe hawakufikishwa kambini.

Hakuna atakayempeleka ndama wa Nkololo au Dutwa kwenye MRI. Gharama ni kubwa, na ng'ombe mkubwa haingii kwenye pipa lile. Lakini chanjo nzuri hutengenezwa na watu wanaojua askari wanapita wapi.

CHANJO ILIYOPO

Chanjo ya ndigana kali ipo. Ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Imechanganywa kwa vijidudu hai vya aina tatu. Mbili ni za Kenya. Ya tatu inaitwa Serengeti, kwa sababu asili yake ni nyati wa Serengeti, pori lile lile linalopakana na mkoa wetu wa Simiyu.

Ndama hupigwa sindano mbili siku moja. Ya kwanza ina vijidudu hai vya ndigana. Ya pili ni oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, dawa ambayo wengi huiita OTC. Vijidudu huingia ndani ya askari, na dawa huvizuia visizidi nguvu. Kwa nini visiuawe kwanza, kama ilivyo kwa chanjo nyingine? Kumbuka wale CD8. Muuaji hujifunza kazi yake kwa kumwona mwenzake aliyetekwa. Kijidudu kilichokufa hakimteki mtu.

Kinga yake hudumu miaka mingi. Lakini chanjo hii haitaki mchezo. Huhifadhiwa kwenye mtungi wa nitrojeni, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kifuko kimoja kidogo kina dozi za ndama wengi, na kikishafunguliwa lazima kitumike saa chache tu. Kwa hiyo mwenye ndama watatu asiende peke yake kwa Bwana Mifugo au Bibi Mifugo. Jirani zake wakusanye ndama wao, wapange siku moja na zizi moja, nao wagawane gharama. Na kwa kuwa mnyama aliyechanjwa anaweza kubaki na vijidudu na kupe wakavichukua, ni afadhali kundi zima la ndama lichanjwe kuliko wachache.

Wafugaji wa Meatu na Itilima wanaochunga kando ya Pori la Akiba la Maswa wajihadhari zaidi. Nyati hubeba ndigana bila kuugua, na vijidudu vinavyotoka kwa nyati kupitia kupe vinaweza kuishinda chanjo. Josho nalo lisiachwe baada ya chanjo. Kupe huleta pia ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu, na chanjo hii haivihusu.

Ndama ambaye hajachanjwa akivimba tezi na kushikwa na homa, mwite mtaalamu siku hiyo hiyo. Dawa ya buparvakwoni huponya kama ikiwahi. Mapafu yakishajaa maji, huwa ni bahati. Watu hawaambukizwi ndigana kali, lakini dawa hubaki kwenye maziwa na nyama. Muulize mtaalamu ni siku ngapi usiyakamue kwa kunywa wala kumchinja mnyama huyo.

Jambo la mwisho ni kuhusu wiki ya pili na ya tatu baada ya chanjo. Mpime ndama kwa vidole kila jioni, kama tulivyoanza. Baadhi ya ndama huvimba tezi kidogo na kupata homa ndogo, maana kambi inaandaa askari. Homa ikizidi au ndama akianza kuhema, mwite aliyechanja, umweleze tarehe ya sindano na namba ya hereni iliyo sikioni. Chuma cha moto kiache.